Teams ikigoma kufunguka: pa kuanzia kabla hujafuta chochote

Simu itaita saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, mkutano wa mpigaji ni saa tatu kamili, na maneno yake ni matatu tu: "Teams haifunguki kabisa." Ukiwa mgeni kwenye kazi ya kuhudumia kompyuta za ofisi, mkono utakuwasha kuing'oa programu hiyo ya mikutano ya Microsoft na kuisakinisha upya. Subiri. Nusu saa itapotea, bando litateketea, na mara nyingi utakuta ugonjwa palepale kwa sababu haukuwa kwenye programu.

Mwambie kwanza afungue kivinjari, aandike teams.microsoft.com, aingie kwa akaunti ileile. Kikikubali, huduma iko hai, akaunti ni nzima na intaneti inafika. Tatizo limebaki kwenye programu ya kompyuta hiyo. Zaidi ya hapo, mtu wako yuko mkutanini tayari na hakupigii kelele.

Kivinjari nacho kikigoma, achana na programu kwa sasa. Unganisha kompyuta kwenye hotspoti ya simu. Ikifunguka, mshukiwa ni mtandao wa ofisi: proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano), VPN (njia ya siri ya kupitishia data) au fayawoli (kizuizi kinachochuja mawasiliano). Teams inahitaji milango hii ya mtandao (ports) iwe wazi: TCP 443 na 80, pamoja na UDP 3478 hadi 3481. Ila usichanganye dalili. UDP zikizibwa, programu hufunguka na ujumbe hupita vizuri. Kinachoteseka ni sauti na picha ndani ya mkutano. Skrini nyeupe isiyoonyesha kitu, usiihangaikie kwa upande wa UDP.

Halafu tazama saa ya kompyuta, jambo ambalo wengi hulidharau. Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Betri ikifa, umeme ukikatika tu tarehe inarudi nyuma miaka. Cheti cha usalama cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko Januari 2015 itakiona hakijaanza kutumika, na itakikataa. Rekebisha tarehe kwa mkono kwanza, kisha ingia kwenye mipangilio ya saa ya Windows ubonyeze "Sync now". Tofauti ikiwa kubwa mno, kitufe hicho peke yake huweza kushindwa. Angalia na ukanda wa saa. Kuna anayesogeza mishale mpaka ifanane na saa ya ukutani huku ukanda umebaki wa Marekani: usoni saa ni sahihi, ndani imekosea saa kadhaa, na kuingia kwenye akaunti kunaweza kukwama hapo. Betri yenyewe ibadilishwe, la sivyo umeme ukikatika tena mtarudi kulekule.

Sasa tuseme kivinjari kinakubali ila programu inazunguka tu. Alama ya X juu ya dirisha haiizimi Teams. Inajificha pembeni mwa saa, chini kulia. Bonyeza ikoni yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Quit", kisha hakikisha kwenye Task Manager kwamba ms-teams.exe haipo tena. Iwashe upya. Ikigoma bado, izime tena na usafishe kache (faili za muda ambazo programu hujiwekea). Bonyeza Windows na R, bandika njia hii:

%userprofile%\AppData\Local\Packages\MSTeams_8wekyb3d8bbwe\LocalCache\Microsoft\MSTeams

Kabla ya kufuta vilivyomo, nakili folda ya Backgrounds mahali pengine, maana picha za nyuma alizojiwekea mtumiaji zimo humo na hakuna atakayekushukuru zikipotea. Ujumbe wake uko kwenye seva, huo mtoe hofu. Na mwambie mapema kwamba mara ya kwanza baada ya usafi programu itachelewa kidogo kufunguka, asije akaizima katikati.

Skrini ikibaki nyeupe baada ya hapo, geukia WebView2. Teams mpya huchora sura yake yote kupitia kijenzi hicho cha Edge, hivyo kikiharibika unapata dirisha tupu. Kitafute kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, bonyeza "Modify", halafu "Repair". Pitia pia nafasi ya diski C. Diski iliyojaa pomoni hainyimi Teams peke yake pumzi, ila Teams huwa ya kwanza kulalamikiwa kwa kuwa inafunguliwa kila asubuhi.

"Reset" iliyo kwenye "Advanced options" za Teams iache mpaka hapa, na kusakinisha upya kuje baada yake.

Ukilazimika kupeleka kesi kwa wakubwa, usiandike "haifanyi kazi". Dirisha la Teams likiwa mbele, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na 1 kwa pamoja. Faili za kumbukumbu za programu (logs) zitashukia Downloads. Ziambatishe, andika saa kamili tatizo lilipotokea, kivinjari kilijibu nini, na hotspoti ilijibu nini.