Mbao hiyo ilikuwa wapi kabla yako?

Mimi si seremala wa kuajiriwa. Mchana nipo ofisini. Jioni na Jumapili nipo uani na randa yangu, na karibu kila mbao ninayoishika iliwahi kuwa kitu kingine: mlango, sanduku, kitanda, kizingiti. Ndiyo maana kila anayeniandikia namuuliza kwanza mbao yake ilikuwa wapi. Majibu ya mwezi huu yanaanzia hapo.

Shikamoo fundi. Nimepewa paleti sita bure, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, zilitoka bandarini. Nataka kumtengenezea mwanangu kitanda. Zinafaa? (Mama, Temeke)

Marahaba, dada. Kabla hujang'oa msumari hata mmoja, pindua kila paleti utafute muhuri uliochomwa pembeni. Utaona shuke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba, kisha herufi mbili nyingine. Hizo za mwisho ndizo za kusoma. HT maana yake mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wafe. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni gesi ya sumu. Yenye MB siiingizi nyumbani kwangu, na wewe usiifanye hata kuni.

Sasa, muhuri unakueleza mbao ilivyotibiwa, haukuelezi ilibeba nini. Inuse. Itoe juani uitazame vizuri. Ukiona doa la mafuta, ukisikia harufu ya dawa ya shamba, ukakuta unga usioujua kwenye nyufa, iache. Mtoto atalala pua yake ikiwa hapo kila usiku. Chagua zenye HT na zilizo safi tu, hata kama kati ya sita utabaki na mbili.

Kuzifungua, usibanjue kwa mtaimbo. Misumari ya paleti mara nyingi imesokotwa kama skrubu. Ukilazimisha, ubao unapasuka kwenye ncha. Penyeza bledi ya msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo, ukate misumari mmoja mmoja. Paleti moja hunimalizia saa nzima, na sijawahi kuijutia.

Ukimaliza, pitisha sumaku. Yangu niliitoa kwenye spika mbovu ya redio, nikaifunga kamba, naiburuta polepole juu ya ubao. Ikinasa, pana chuma. Nilianza kuitumia baada ya kupiga randa kizingiti cha mninga kilichokuwa na msumari uliokatikia ndani. Mlio ule niliusikia mpaka kwenye meno, na makali yakapata pengo lililonichukua jioni mbili kulinoa. Ila kumbuka sumaku hainasi shaba, kwa hiyo macho nayo yafanye kazi.

Mwaka jana nilitengeneza meza kwa mbao za mashua iliyovunjwa. Kila masika inatoka jasho juu. Sasa nimeuziwa mbao nyingine za mashua, nifanyeje? (Pangani)

Jasho hilo ni chumvi, kaka. Mbao imekaa baharini miaka, chumvi imezama, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Hizo mpya usizikate bado. Ziache zinyeshewe na mvua ya masika, au ziloweke kwenye maji ya kisima na uyabadilishe mara kwa mara. Kisha zipange kivulini juu ya vijiti, upepo upite chini na juu. Zimekauka lini? Chukua ubao mmoja, uupime kwa mizani kila wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Inaweza kuchukua miezi, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa.

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, isikutishe. Nyingi huondoka ukishakwangua uso wa juu. Na yale matundu ya misumari yenye duara jeusi, nakuomba usihangaike kuyasugua. Kutu ya chuma imekutana na tanini ya mbao na weusi umeingia ndani. Mimi huyaziba kwa vijiti vya mpingo, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye meza yangu.

Meza ya zamani ifute kwa kitambaa chenye maji matamu, ikauke, urudie siku kadhaa. Usipake vanishi juu ya chumvi, itabanduka.

Nina mlango wa zamani wenye rangi tabaka tano. Nipige msasa tu? (Arusha)

Hapana! Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Usipige msasa mkavu, wala usiichome kwa moto. Ilowanishe, uikwangue ikiwa mbichi, turubai chini, barakoa ya vumbi usoni, watoto mbali. Nguo ulizovaa zifue peke yake.

Kiti cha mninga nilichookota kina vitundu vidogo na unga chini yake. Ni mchwa? (Morogoro)

Ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Mchwa huacha udongo. Kung'uta kiti, kiweke juu ya karatasi nyeusi wiki nzima; unga mpya ukidondoka, wangali hai. Tazama vitundu viko wapi: nina hakika ni kwenye ile sehemu nyeupe ya nje, maana kiini chekundu cha mninga hawakipendi. Kata nyeupe yote, uitupe motoni.

Mume wangu ameijaza baraza mbao, hatupi kitu. (Mama wa nyumbani, Tabata)

Dada, mwambie apime kwa mkono wake: kipande kifupi kuliko kuanzia kiwiko hadi kidole kiende kwenye sanduku moja tu. Sanduku likijaa, cha zamani kitoke ndipo kipya kiingie. Kwangu imeleta amani.

Nina miaka 14, nina nyundo na msumeno wa babu. Nianze na nini? (Mkuranga)

Anza na kigoda, mwanangu. Tafuta kipande cha mlango mbovu, kinene vidole viwili, kiwe kiti chake. Miguu toa kwenye mguu wa kitanda kilichovunjika. Omba kekee kwa fundi wa jirani, toboa matundu yakiwa yameinama kidogo kwenda nje, uingize miguu na gundi. Weka miguu mitatu, si minne. Ya mitatu haiyumbi, hata kwenye sakafu ya udongo.