Flapu na eleroni za ndege ya rimoti: rekebisha waya kabla ya kugusa namba za rimoti

Eleroni ni vibao vya nyuma ya bawa, karibu na ncha, vinavyoilaza ndege upande; flapu ni vibao vya karibu na mwili, vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua. Vua panga la mota kwanza. Kisha washa rimoti na risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege), rudisha trimu na sabutrimu zote (marekebisho madogo ya katikati ya sevo kwenye rimoti) kwenye sifuri, ndipo uvalishe mkono kwenye sevo ya eleroni, yaani mota ndogo inayokisukuma kibao hicho. Mkono unatakiwa ukutane na waya wa kusukuma kwa nyuzi 90. Kwenye sevo yenye meno 25 pale mkono unapovalishwa, jino moja ni nyuzi 14 na ushee, kwa hiyo mara nyingi mkono hukaa upande kidogo. Chukua mkono wenye ncha nne, ujaribu ncha moja baada ya nyingine. Kila moja hukaa kwa pembe tofauti kidogo. Itakayokaa sawa ibakize, nyingine zikate. Sabutrimu iwe ya kumalizia tu: ukiitumia sana, eleroni itakwenda mbali upande mmoja na kuishia njiani upande wa pili.

Eleroni ikicheza kupita kiasi, usikimbilie kushusha asilimia ya mwendo kwenye rimoti hadi 50. Sogeza waya kwenye tundu la ndani la mkono wa sevo, au tundu la nje la pembe ya eleroni (kipande kilichofungwa kwenye eleroni ili kushika waya). Sevo itatumia mwendo wake wote, itapata nguvu zaidi, na ulegevu utapungua. Ulegevu ndio unaoleta mtetemo mkali ndege ikienda kasi, na mtetemo huo hung'oa bawaba.

Eleroni ipande kuliko inavyoshuka. Kwa ndege ya mazoezi yenye mabawa ya mita 1.5, anza na milimita 12 juu na 8 chini. Eleroni inayoshuka huongeza ukinzani wa hewa kwenye bawa lake, na pua huvutwa kinyume na kona unayotaka.

Flapu ni habari nyingine, kwa sababu hushuka tu. Ukiuweka mkono wake kama wa eleroni, nusu ya mwendo wa sevo inapotea bure. Uinamishe ili sevo ikiwa katikati, flapu iwe imeshuka nusu. Sevo mbili zilizofungwa kama kitu na taswira yake kwenye kioo, zikiunganishwa kwa waya wa Y (unaogawa ishara moja kwa sevo mbili), zitapandisha flapu moja na kushusha nyingine. Zipe chaneli mbili, kila sevo na njia yake ya ishara, na moja uigeuze mwelekeo.

Pima flapu zote mbili kwa rula zikiwa juu, nusu na chini kabisa. Tofauti ya milimita 2 inatosha kuilaza ndege upande. Nyuzi 10 hadi 15 zatosha kuruka, 30 hadi 40 kutua. Sevo ikinguruma mwisho wa mwendo, imebanwa: punguza mwendo kabla haijaungua.

Flapu zichukue sekunde 2 au 3 kushuka. Zijaribu mara ya kwanza ukiwa juu sana, mota ikiwa nusu. Pua ikiinuka, changanya eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) milimita 1 au 2 kwenda chini, kisha ongeza taratibu. Ukighairi kutua, ongeza mota kwanza, ndege ishike kasi; flapu uzipandishe baadaye, kwa hatua, maana zikikunjwa ghafla karibu na ardhi ndege huzama.