Usiache kamera kwa sababu husomi habari

Ndugu yangu, umeuliza kama uache kazi ya habari za televisheni kwa kuwa tangu uajiriwe unabeba kamera tu, wala hujasoma taarifa hata moja. Nakusihi usiache. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mpiga picha wa habari za televisheni, na picha alizopiga Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, za watu waliokondeana kwa njaa wakiwa wamejitanda shuka katika baridi ya alfajiri, ndizo zilizoishtua dunia ikaanza kuchangia chakula. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko Addis Ababa, na bado alirudi kazini. Wewe anza kuandika maelezo ya picha zako mwenyewe, kisha umwombe mhariri ayasahihishe.