Chungwa Lilikuwamo Ndani ya Ubani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama utamu wa matunda unaweza kukaa pamoja na ubani katika chupa moja ya manukato bila ya kuuharibu. Jibu langu ni kwamba unaweza, na mfano ninaoutegemea ni Jubilation XXV ya Amouage, nyumba ya manukato iliyoanzishwa Oman mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultani Qaboos. Manukato haya aliyatunga Mfaransa Bertrand Duchaufour kuadhimisha miaka 25 ya nyumba hiyo, ndipo yakapata tarakimu iliyomo katika jina lake.

Nilipoyanusa mara ya kwanza, kwenye mtandio wa binamu yangu aliyekuja Unguja kutoka Muscat kwa ajili ya harusi, sikudhani kabisa kwamba yana uhusiano na ubani. Kilichotangulia kilikuwa chungwa, pamoja na beri nyeusi, ile ya porini Ulaya, nzito kama jamu inayoanza kushika sufuriani, nami nikasema moyoni kuwa hiki ni kitu cha kitoto. Biriani ilipoandaliwa, baada ya saa nzima hivi, utamu ulikuwa umerudi nyuma na ubani umejitokeza. Harufu za matunda ni nyepesi na huruka upesi, ilhali manemane na labdanamu (utomvu wa kichaka), ambazo pia zimo, ni nzito, hukawia, na huzizuia zile nyepesi zisitoweke zote kwa pamoja.

Lakini sababu kubwa ya wawili hawa kupatana imo ndani ya ubani wenyewe. Sisi watu wa mwambao tumeuzoea ukiwa juu ya kaa la moto katika chetezo, hata tukauchukulia moshi wake kuwa ndiyo harufu yake. Atakayechukua punje ya ubani mzuri wa Dhofar, kusini mwa Oman, ule mweupe unaoelekea kijani, akaisugua kiganjani bila ya kuichoma, atasikia limau, na nyuma yake utomvu wa msonobari. Au na aitafune, kama wafanyavyo Waomani (si bure kwamba kwetu neno ubani ni jina pia la kile kinachotafunwa na watoto). Ubani una limonini, kemikali ile ile iliyojaa katika ganda la chungwa, na moto ndio unaotuficha upande huo. Mtunga manukato hatumii moto wa chetezo, bali mafuta yanayopatikana kwa kuupitishia ubani mvuke, ambayo huuhifadhi ulimau wake. Kwa hiyo chungwa linapowekwa kando ya ubani, linakutana na ndugu yake. Beri ndiyo mgeni wa kweli, kwani haina mafuta ya harufu ya kukamuliwa na harufu yake hutungwa katika maabara, lakini hufika ikiwa imeshikwa mkono na chungwa.

Anayelalamika kwamba utamu ni mambo ya Wazungu yaliyopachikwa juu ya harufu zetu, ninamkumbusha udi unaopikwa majumbani Unguja na Lamu: vijiti huchanganywa na sukari iliyopikwa pamoja na marashi, na sukari hiyo inapoungua kwenye kaa ndiyo inayotoa ule utamu tunaousikia mlangoni kabla hatujakaribishwa.

Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni uzito. Katika joto la kaskazi tone moja linatosha, na anayejipulizia mara nne kabla ya kupanda daladala hawatendei haki abiria wenzake. Chupa imeandikwa kuwa ni ya wanaume, jambo ambalo binamu yangu hakulijali, nami sioni kwa nini angelijali. Asubuhi tulipomsindikiza uwanja wa ndege alikuwa na mtandio ule ule. Tunda halikuwapo tena, ila manemane na ubani, vikiwa baridi, bila ya moshi.