Kaka amenipokonya hadithi yangu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni fundi wa simu na redio. Kila nikiulizwa nimeingiaje kwenye kazi hii, jibu langu ni lile lile: nikiwa na miaka tisa nilifungua redio ya baba iliyokufa, nikaunganisha waya uliochomoka, ikaimba. Wateja wanaipenda, na vijana ninaowafundisha wanaijua kwa moyo. Mwezi uliopita kaka yangu aliisikia, akacheka mbele ya watu: “Wee! Redio ile niliitengeneza mimi. Wewe ulishika tochi.” Tangu siku hiyo nikianza kujieleza kwa mtu nakwama katikati. Je, miaka yote hii nimekuwa mwongo? Na kama si yule mtoto wa redio, mimi ni nani? – Mshika Tochi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka amesema sentensi mbili tu, nawe tayari umezigeuza jina la kutia sahihi. Tulia kwanza.

Mwongo anaujua ukweli akausema kinyume. Wewe ulisimulia unachokiona kichwani. Tatizo ni kwamba kichwa hakitunzi picha, kinazichora upya kila unapozitaka. Chombo cha angani Challenger kilipolipuka Januari 1986, kesho yake mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wa chuo habari ile iliwafikia vipi, wakiwa wapi na nani. Alipowauliza tena baada ya zaidi ya miaka miwili, wengi walieleza mambo tofauti na waliyoandika, tena kwa uhakika mkubwa. Walipooneshwa karatasi zao, wapo waliokubali kuwa mwandiko ni wao ila wakashikilia maelezo mapya.

Yenu ninyi wawili yana watafiti wake pia. Mwaka 2001 Mercedes Sheen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu pacha wanaogombea kumbukumbu: tukio moja, kila mmoja anaapa lilimpata yeye. Wakakuta hata ndugu wasio pacha, na marafiki, hugombana hivyo hivyo. Kwa hiyo kaka naye asijifanye hakimu. Inawezekana yeye ndiye aliyeshika tochi! (Nacheka, lakini sitanii sana.)

Swali lako la pili ndilo zito. Dan McAdams, aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyosimulia maisha yao, anaeleza kwamba kuanzia ujana mtu huyakusanya yaliyompata akayafanya hadithi moja yenye sababu: nilikuwa vile, likatokea hili, ndiyo maana leo niko hivi. Nasi hatuchukui kila kitu, tunachagua. Bila shaka utotoni ulifanya mambo mengi ambayo hujawahi kumsimulia mteja. Redio ikabaki kwa sababu ilieleza jambo la kweli kukuhusu, kwamba huogopi kufungua kitu ambacho wengine wamekikatia tamaa. Hilo halikuthibitishwa na redio ya baba. Linathibitishwa na simu zilizofunguliwa mezani pako leo, na skrubu ulizozipanga kwa mpangilio ili zisipotee.

Wapo wanaopinga haya yote. Mwanafalsafa Galen Strawson aliandika mwaka 2004 kwamba si kila mtu anayaishi maisha yake kama hadithi, na wasio hivyo hawana upungufu wowote. Namwamini, nina jamaa wa aina hiyo. Wewe si mmoja wao, ungekuwa hivyo usingeniandikia.

Sasa la kufanya. Kama kisa hicho umekiandika kwenye maombi ya kazi au tangazo, kitoe, maana pale watu wanakichukua kama ushahidi. Kwenye mazungumzo, kisimulie na kaka akiwemo: redio, watoto wawili, tochi, na ubishi wenu wa nani alikamata bisibisi. Mimi ningeipenda zaidi hiyo. Mtoto anayesimama gizani akimulika, macho hayabanduki kwenye zile waya, naye anajifunza ufundi.

Kabla ya hapo mtafute kaka, mkiwa wawili tu. Mwombe asimulie siku ile yote, nawe usimkatize. Akimaliza, muulize kwa nini miaka yote alinyamaza akasubiri hadi wawepo watu. Hilo, mwanangu, halihusiani na redio.