Maswali ya Wasomaji: Mwaka Ambao Manchester United Ilikaribia Daraja la Tatu

Katika toleo lililopita tuligusia kwamba Manchester United ilitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1930 katika daraja la pili la Uingereza. Barua zilizotufikia baada ya hapo, nyingi kutoka Kigoma na Tabora, zinataka maelezo zaidi, nasi tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, katika kibanda umiza kimoja hapa Mwanga palizuka ubishi mkali baada ya mzee mmoja kudai kwamba Manchester United iliwahi kunusurika kushuka hadi daraja la tatu kwa mchezo mmoja tu wa siku ya mwisho. Vijana walimcheka. Je, alisema kweli? — Msomaji, Mwanga, Kigoma

Mzee huyo alisema kweli tupu, na vijana hawana budi kumwomba radhi. Msimu wenyewe ni ule wa 1933/34, na mchezo anaoutaja ulichezwa Jumamosi, tarehe 5 Mei 1934, katika uwanja wa The Den jijini London, nyumbani kwa Millwall.

Ili uzito wa siku hiyo ueleweke, tuutazame kwanza msimamo wa ligi ulivyokuwa asubuhi yake. Daraja la pili lilikuwa na klabu 22, kila moja ikicheza michezo 42, na mwisho wa msimu klabu mbili za juu zilipanda na mbili za mkiani zilishuka. Lincoln City ilikuwa imekwisha kuzama. Millwall ilikuwa na pointi 33 na United ilikuwa na pointi 32, na ratiba iliyopangwa kabla ya msimu kuanza ikawa imewakutanisha hao hao wawili katika mchezo wa mwisho. Millwall, waliokuwa mbele ya mashabiki wao, walihitaji sare tu, ilhali United hawakuwa na njia nyingine ila kushinda ugenini.

Wakashinda 2-0. Tom Manley ndiye aliyefungua mlango, na la pili likawekwa kimiani na Jack Cape, winga aliyekuwa amesajiliwa kutoka Newcastle United mwezi Januari mwaka uleule. Golini alisimama Jack Hacking, kipa mwenye umri wa miaka 36 aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya England, ambaye naye alikuwa amefika mwezi Machi tu akitokea Oldham Athletic. Wengi wanaposimulia mchezo huo huwataja wafungaji peke yao. Mimi naona kwamba kumaliza bila kuruhusu bao, katika siku ambayo sare ingewashusha, ni kazi isiyopungua ya wafungaji, hasa kwa timu iliyokuwa imefungwa mabao mengi kiasi kile.

Maana msimu wote ulikuwa wa mateso. Walianza kwa kufungwa 4-0 na Plymouth Argyle. Siku ya Krismasi walichapwa 3-1 nyumbani na Grimsby Town, na kwa kuwa ilikuwa desturi ya ligi ya Uingereza kuzirudianisha timu hizo hizo siku iliyofuata, wakasafiri hadi Grimsby na kufungwa 7-3. (Grimsby, ni haki kusema, ndio walioibuka mabingwa wa daraja hilo.) Hesabu ya mwisho ya United ilisomeka hivi: michezo 14 wameshinda, 6 wametoka sare, 22 wamefungwa, mabao 59 ya kufunga na 85 ya kufungwa, nafasi ya 20. Klabu hiyo haijawahi kumaliza msimu wa ligi chini ya hapo. Kuhusu hayo mabao 59, msomaji akumbuke kwamba miaka saba tu nyuma, katika daraja hilo hilo, mshambuliaji George Camsell wa Middlesbrough alifunga mabao 59 peke yake, tena katika michezo 37. Idadi ambayo United nzima iliipata kwa msimu mzima, mtu mmoja alikuwa ameifikia.

Ndugu Mhariri, nafundisha somo la historia na wanafunzi wangu hawaamini kwamba klabu tajiri kama hiyo iliwahi kufika huko. Iliangukaje? — Mwalimu, Isevya, Tabora

Mwalimu, waambie wanafunzi wako kwamba utajiri wa klabu hiyo katika miaka ile ulimtegemea mtu mmoja, na mtu huyo alipofariki mambo yakaanza kuharibika. John Henry Davies, mwenye viwanda vya bia ambaye fedha zake ndizo zilizoiokoa klabu mwanzoni mwa karne na kuiwezesha kuhamia Old Trafford mwaka 1910, aliaga dunia mwaka 1927. Msimu wa 1930/31 United ilipoteza michezo yake 12 ya kwanza mfululizo, ikafungwa mabao 115 kwa jumla, ikashuka kutoka daraja la kwanza ikiwa ya mwisho kabisa kwa pointi 22. Mashabiki wakasusa. Mchezo wa kwanza wa nyumbani katika daraja la pili, dhidi ya Southampton mwezi Septemba 1931, ulitazamwa na watu 3,507 tu, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya makumi ya maelfu.

Ilipofika Desemba 1931 benki ilikataa kuikopesha klabu zaidi, na fedha za kuwalipa wachezaji mishahara hazikuwapo. Walter Crickmer, katibu wa klabu, ambaye wakati huo alikuwa pia akisimamia timu, ilimlazimu kutafuta msaada nje. Aliyejitokeza ni James Gibson, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kushona sare za jeshi. Gibson alitoa pauni 2,000 ili wachezaji walipwe kabla ya Krismasi, kisha akachukua uongozi wa klabu na kuendelea kuingiza fedha zake. Naandika hili kwa mkazo, kwa sababu siku ya The Den husimuliwa kila mara kana kwamba ndiyo iliyoiokoa United, lakini bila Gibson pasingekuwa na timu ya kupeleka The Den.

Hata hivyo fedha hazikugeuka kuwa timu kwa mkupuo. Mwaka 1932 aliletwa meneja Scott Duncan kutoka Cowdenbeath ya Scotland, msimu wake wa kwanza akamaliza nafasi ya sita, na watu wakaanza kutumaini. Kisha akanunua, akauza, akapanga na kupangua, na wengi aliowaleta walitoka Scotland. Katika msimu wa 1933/34 United ilitumia wachezaji 38. Hiyo ni idadi kubwa mno hata leo, sembuse wakati ambapo mchezaji wa akiba hakuruhusiwa kuingia uwanjani, kwa hiyo kila Jumamosi walicheza 11 tu, na kikosi kilichoanza ndicho kilichomaliza, labda mtu avunjike mguu, na hapo timu iliendelea pungufu. Ninyi wa Tabora mnaofuatilia ligi yetu mnajua jinsi timu inavyoyumba pale dirisha dogo linapobadilisha nusu ya kikosi; basi fikirieni timu ambayo kikosi chake kilibadilika namna hiyo mwaka mzima. Walibadilisha hata jezi, wakavaa zenye mistari mipana ya mlalo ya nyekundu iliyoiva na nyeupe, wakitumaini bahati ingegeuka. Kwa maoni yangu, kilichowaponza ni kutokutulia huko kuliko upungufu wa vipaji.

Ndugu Mhariri, nimepiga hesabu: ushindi 14 na sare 6 ni pointi 48. Mbona vitabu vinasema United ilimaliza na 34? — Mfanyabiashara, Ujiji

Wakati huo ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili. Mara mbili 14 ni 28, ongeza sare 6, unapata 34. Pointi tatu zilianza kutolewa katika ligi ya Uingereza mwaka 1981.

Lakini hesabu yako imefungua jambo ambalo halitajwi sana. Millwall walimaliza na ushindi 11 na sare 11, yaani pointi 33 kwa kanuni ya wakati ule na 44 kwa kanuni ya leo. Sasa urudi asubuhi ile ya tarehe 5 Mei, kabla mpira haujaanza. United wakiwa na ushindi 13 na sare 6, wangekuwa na pointi 45 kwa kanuni ya leo, na Millwall 44. Maana yake ni kwamba chini ya kanuni tunayoitumia sasa, United ndio wangekuwa juu, sare ingewatosha wao, na Millwall ndio wangelazimika kushinda. Pointi mbili ziliithamini sare kuliko zinavyofanya pointi tatu, na Millwall, waliotoka sare karibu mara mbili ya United, walifika siku ya mwisho wakiwa mbele kwa ajili hiyo. Huenda pia hali hiyo iliwaponza, kwa kuwa timu inayotafuta sare nyumbani hucheza kwa tahadhari.

Shikamoo Mhariri. Je, Manchester City nao walikuwa daraja la pili mwaka huo? Na Sir Matt Busby alikuwa wapi? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Gungu, Kigoma

Marahaba. City walikuwa daraja la kwanza, na tarehe 28 Aprili 1934, yaani juma moja kamili kabla ya mchezo wa The Den, walitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Portsmouth 2-1 katika uwanja wa Wembley, mabao yote mawili yakiwa ya Fred Tilson. Busby alikuwamo katika kikosi hicho cha City kama kiungo wa kulia. Kwa hiyo yule ambaye angeteuliwa kuwa meneja wa United mwaka 1945 na kuijenga upya alikuwa akishangilia kombe na mahasimu wao, huku United wakihesabu pointi za kujiokoa.

Ndugu Mhariri, mimi naona watu wanakuza mambo. Hata kama United wangeshuka, si wangepanda tena mwaka uliofuata? Na hao Millwall waliishia wapi? — Msomaji, Urambo, Tabora

Ndugu yangu, hapana, na sababu yake iko katika muundo wa ligi. Tangu mwaka 1921 daraja la tatu liligawanywa mara mbili, Kaskazini na Kusini, na kila upande ulipandisha bingwa wake peke yake. Wa pili hakupata chochote, na hapakuwa na mechi za mchujo kama hizi zinazochezwa siku hizi kwetu kati ya timu za Ligi Kuu na za Championship. United wangeingia upande wa Kaskazini, na ili kutoka wangelazimika kuwa wa kwanza kabisa.

United waliobaki daraja la pili walichukua ubingwa wake mwaka 1936, wakashuka tena 1937, kisha wakapanda 1938 wakiwa nafasi ya pili kwa wastani wa mabao tu, kwani walilingana na Sheffield United kwa pointi 53. Ubora wa namna hiyo, wa kumaliza wa pili, usingewatoa katika daraja la tatu. Na katika msimu huohuo wa 1937/38 City, waliokuwa mabingwa wa nchi, walishuka ingawa walifunga mabao mengi kuliko timu yoyote ya daraja la kwanza.

Waliozama mwaka 1934 wanatuonyesha gharama yenyewe. Lincoln City walirudi daraja la pili mwaka 1948, baada ya vita kuu kupita katikati. Millwall walikaa daraja la tatu Kusini kwa misimu minne hadi walipolichukua mwaka 1938. Lakini msiwahesabu kuwa walikaa bure huko chini. Mwaka 1937 waliingia nusu fainali ya Kombe la FA, klabu ya kwanza ya daraja la tatu kufika hatua hiyo, na waliyemtoa katika robo fainali, 2-0 katika uwanja uleule wa The Den, alikuwa Manchester City, ambao majuma machache baadaye walitangazwa mabingwa wa Uingereza. Waliowazuia Millwall ni Sunderland, kwa 2-1, nao ndio waliolitwaa kombe.