Kumpokea Baba Askofu ukiwa masomoni Roma

Frateri, umeuliza ufanyeje Baba Askofu wako anapokuja Roma kwa hija ya ad limina, yaani ziara ya maaskofu kwa Papa na kwenye makaburi ya Mitume Petro na Paulo, nawe unaishi kwa posho ndogo ya chuo. Kwanza zungumza na gambera wako, yaani mkuu wa seminari yako, leo, kabla hujaahidi lolote. Ruhusa ya kukosa vipindi haiombwi asubuhi ya safari. Gharama zisikuumize kichwa. Baba Askofu anaijua hali ya mwanafunzi, hatarajii umlipie malazi. Anachohitaji ni mtu anayezijua njia na Kiitaliano.

Mpokee uwanja wa ndege wa Fiumicino, beba begi lake, kisha pandeni teksi. Nauli ya kuingia katikati ya mji imepangwa na manispaa, kwa hiyo usikubali bei nyingine. Basi namba 64 mliepuke: linajaa sana, na wezi wa mifukoni wanalipenda. Siku ya kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Paulo, metro ya mstari B inawashusha karibu na basilika.

Ukipata unga, mpikie ugali jioni moja. Na akikuuliza habari za masomo na wito wako, usimjibu "salama tu, Baba." Mweleze ukweli wote, hata kama falsafa inakuelemea.